Tuzo Ni Kesho, Kodi Ni Leo

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu naiunga mkono. Tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2023, mshindi wa kwanza wa riwaya hupewa shilingi milioni 10 na muswada wake huchapishwa. Si haba.

Lakini nina neno. Tuzo humlipa aliyekwisha kumaliza. Je, yule aliyekwama sura ya nne kwa kuhangaikia kodi ya chumba?

Wenzetu wa Ireland walijaribu njia nyingine. Mwaka 2022, kati ya wasanii waliotimiza masharti, waliteua 2,000 kwa bahati nasibu, waandishi wakiwamo, wakawapa yuro 325 kila wiki. Hawakuulizana nani bingwa. Walinunua muda wa kazi.

Ati wavivu nao watapita? Labda wachache. Ila hakuna jaji awezaye kuupa tuzo muswada uliofia njiani.

Yuro 325 hatuna ubavu nazo, bwana. Basi itengwe posho ndogo ya miezi sita kwa wenye sura tatu za kuonyesha. Mimi ni mmoja wao, sifichi. Hata nikinyimwa, hoja inabaki palepale.