Fundi wa Nyoka Hupimwa Mkiani

Ukitaka kumjua fundi wa nyoka, usimtazame anavyomshika chatu shingoni. Hilo wengi wanaliweza. Mtazame anapofika mkiani na kuulizwa: huyu ni dume au jike?

Huku Miono, kwenye barabara itokayo Mandera kwenda Saadani, chatu tunamjua zaidi kwa kuku na mbuzi aliowameza. Kumfuga bila kibali ni kuvunja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ndiyo maana nyoka wa kufugwa utawaona mahali kama Meserani, karibu na Arusha, au Bio-Ken kule Watamu, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1980. Ukifika mahali pa namna hiyo, omba kuona kazi hii ikifanywa.

Fundi mzuri huanza kwa macho. Mkia wa dume ni mrefu, na baada ya tundu la haja unabaki mnene kabla ya kupungua taratibu, kwa sababu viungo vyake viwili vya uzazi vimelala humo ndani. Wa jike ni mfupi na hukonda ghafla. Kando ya tundu kuna vikucha viwili, mabaki ya miguu ya nyuma. Dume huwa navyo vikubwa zaidi, lakini jike naye anavyo, kwa hiyo anayekata shauri kwa vikucha peke yake bado mwanafunzi. Hata ukubwa wa mwili usikudanganye: ni kweli majike hukua kuliko madume, ila chatu mdogo anaweza kuwa jike ambaye umri wake bado.

Kisha kijiti. Ni cha chuma cha pua, chembamba, laini, ncha yake butu, kimesafishwa kwa dawa na kupakwa kilainishi. Kinaingizwa pembeni mwa tundu, kuelekea ncha ya mkia. Hapa ndipo mkono unapojionyesha. Fundi hasukumi, anakizungusha polepole kati ya vidole, kinaingia chenyewe, na kikigoma anaacha hapohapo. Anaweka kidole gumba kuashiria kilipofikia, anakitoa, anakilaza juu ya mkia na kuhesabu magamba ya chini. Kwa chatu jike mara nyingi huishia gamba la 3 hadi la 5. Kwa dume hupita la 8, pengine zaidi ya 10.

Watoto waliototolewa karibuni hubinywa tu shina la mkia kwa kidole gumba, na viungo vya dume vikachomoza. Anayemfanyia hivyo chatu mkubwa, mnyang'anye nyoka.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni fundi kujua kwamba majibu hayo mawili hayana uzito sawa. Dume akikaza misuli, kijiti hukwama mapema naye akaandikwa jike. Mkono ukiwa mpole, jibu la "dume" linaaminika. La "jike" linataka kurudiwa, pande zote mbili, nyoka akiwa ametulia. Mkono ukiwa mzito hakuna la kuamini, maana kijiti kilichosukumwa hutoboa nyama, na jeraha likahesabiwa kuwa dume.

Kwa hiyo omba daftari. Herufi moja mbele ya namba ya nyoka haitoshi. Nikikuta "kulia 4, kushoto 4, hakutulia, rudia", najua nimefika kwa mtu wa kazi. Chatu jike mwenye mayai hukataa chakula, na akishataga huyazungukia kwa miezi 2 hadi 3 bila kula. Mlinzi aliyeambiwa kwamba ni dume atamwona mgonjwa na kuanza kuhangaika na dawa za minyoo. Aliyeusoma mstari ule atakuwa amekwisha andaa pembe yenye giza na unyevu, na kuzuia wageni wasigonge kioo.