Upondo Ukigusa Mchanga

Toka Viwanja Sitini hadi Kivukoni, kwenye Mto Kilombero, ni mwendo mfupi wa bodaboda. Ilikuwa Agosti, mto umepungua, mchanga umetokeza katikati, na Daraja la Magufuli, la mita 384, lililozinduliwa 2018, likionekana refu kuliko haja.

Tulianza kwa boti ya mashine, mtumbwi tukiuburuta nyuma kwa kamba. Ndivyo wafanyavyo pia wageni wa Kenai, Alaska: boti hubeba kayaki hadi karibu na barafu, kisha watu wakashuka kupiga kafi. Tofauti iko chini. Ghuba zile zilichimbwa na barafu, kina chake ni mamia ya mita. Upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, hauna pa kugusa. Kilombero imejazwa mchanga na tope la mito ya Udzungwa. Panga la mashine lilipoanza kukwangua, nahodha aliliinua, tukahamia mtumbwini.

Hapo ndipo penye ufundi. Mtumbwi wa gogo moja hauna mkuku, hivyo hupita hata kwenye maji ya magotini. Mpiga upondo husimama nyuma. Haupeleki mti mbali. Huushusha karibu na ubavu, akausukuma mkono kwa mkono hadi nchani, na kabla ya kuung'oa huusokota kidogo. Msokoto huo ndio unaoufungua upondo kwenye tope. Anayeusahau hubaki ameng'ang'ania mti, chombo kikiondoka. Wa mbele, mwenye kafi, kazi yake ni kuelekeza tu.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi hao wawili walivyowapita viboko. Mimi ningekata katikati, mbali na kingo. Wao walibana upande wa maji machache, wakigonga ubavu wa mtumbwi. Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini. Ukiwa huko, umemzibia mlango. Mlio nao humfanya ainue kichwa, ajulikane alipo.

Matete yalipoanza, hata kugonga kukakoma. Wakatokea minana wa Kilombero, ndege walioelezwa kisayansi mwaka 1990 na wasiopatikana nje ya bonde hili. Kwa mashine tusingewakaribia hivyo.

Kasoro ilikuwa moja, nayo kubwa: majaketi ya kujiokolea yalibaki kwenye boti. Mto huu ndio uliopindua kivuko Januari 2016, kwa upepo. Ukienda, livae lako kabla hujakanyaga mtumbwi, na asiyekuwa nalo usikubali akupeleke.