LED Mpya, Msimbo wa Hitilafu na Injini Isiyo na Kosa

Shirika la umeme, SNEL, likikata umeme usiku, mmotari anayepanda mtaa wa Kadutu mjini Bukavu hutegemea taa yake tu kuliona shimo, tope na mtu anayekatiza barabara. LED zimependwa kwa sababu hiyo: humulika mbali na hazimalizi betri. Kuzifunga ni kazi ndogo. Kazi kubwa huanza siku taa ya manjano ya injini inapowaka kwenye dashibodi, na mwenye pikipiki anaanza kutafuta hela ya sensa mpya.

Pikipiki nyingi za abiria Bukavu, zile TVS na Bajaj za kabureta, hazina kompyuta ya kutoa msimbo. Zenyewe hulalamika kwa indiketa. Balbu mbili za wati 10 upande mmoja huvuta karibu ampea 1.7; LED mbili za wati moja moja hazifiki hata ampea 0.2. Rilei ya kupepesa ya zamani, inayofanya kazi kwa joto, haipati mkondo wa kuipasha, hivyo taa hubaki zimewaka tu. Ya kielektroniki hudhani balbu imeungua, ikapepesa mbiombio. Dawa ni rilei ya LED. Wengine huongeza rezista, nayo huchemka na kula umeme uleule uliotakiwa kuokolewa!

Kuna kituko kingine: indiketa zote nne kupepesa pamoja. Kwenye dashibodi yenye kitaa kimoja cha indiketa, kitaa hicho huwa kimeungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Umeme mdogo unaopita humo hauwezi kuwasha balbu za upande wa pili, lakini LED unazitosha. Diodi mbili za 1N4007, moja kwa kila upande, zikikilisha kitaa hicho, na mguu wake wa pili ukifungwa kwenye masi (upande wa hasi), tatizo linaisha.

Pikipiki za injekta ndizo zenye misimbo. Honda huihesabu kwa taa: mwako mrefu ni 10, mfupi ni 1, mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12, yaani saketi ya injekta. Msimbo huo hausemi injekta imekufa. Waya uliochunwa ili kuibia taa umeme, au masi iliyolegea, hutosha kuuleta. Kwenye kipimo cha OBD, P0562 ni volti ya chini na P0563 ni ya juu.

Fundi makini huchomoa LED kwanza, hufuta msimbo, kisha huendesha. Msimbo usiporudi, injini haina kosa. Halafu hupima: betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, injini ikinguruma 13.5 hadi 14.5, ikipita 15, regyuleta ndiyo mshukiwa. Kipimo cha mwisho hurukwa na wengi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, taa zikiwaka. Zaidi ya volti 0.2, masi ina kutu au imelegea.

Mvua za Bukavu hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa utepe chini ya tangi hunywa maji hadi shaba ikawa kijani. Hukatwa, hulehemiwa, na LED hupewa njia yake kutoka betri, kupitia fyuzi na rilei. Swichi huiamuru rilei tu. LED mbili za wati 20 kila moja huvuta kama ampea 3.3, hivyo fyuzi ya 5 inatosha.