Kelele na Kimya katika "The Green Leaves"

Katika "The Green Leaves", hadithi fupi ya Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo kando ya Ziwa Viktoria, iliyomo katika Land Without Thunder (1968), taharuki hujengwa kwa sikio kabla ya jicho. Usiku Nyagar huamshwa na vishindo na sauti za watu: mwizi wa ng'ombe amenaswa. Kelele hizo ni za umma. Wengi hupiga, wala hakuna ajionaye muuaji. Kisha kijiji hulala, na Nyagar hurudi peke yake kumpekua mfu aliyefunikwa majani mabichi. Katika sinema muziki ungalimtahadharisha mtazamaji. Hapa kimya chenyewe ndicho mtego, kwani "mfu" yu hai. Asubuhi, chini ya majani yale, amelala Nyagar. Tamaa yake ilinyamaza ikaadhibiwa. Hatia ya wengi ilipiga kelele, isisikike.