Mkanda wa chokoleti: ufundi nyuma ya kicheko

Tarehe 15 Septemba 1952, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya msimu wa pili wa kipindi cha vichekesho I Love Lucy. Lucy na rafiki yake Ethel wameajiriwa kiwandani kufunga chokoleti kwa karatasi. Wapenzi wa kipindi hicho wakianza kukumbushana, aghalabu huanzia hapo, na wengi humsifu Lucille Ball, aliyemwigiza Lucy, kwa uso wake. Anastahili sifa. Lakini uso huo uliandaliwa njia mapema.

Kwanza inawekwa sheria. Msimamizi, aliyeigizwa na Elvia Allman, anawaonya kwamba chokoleti moja tu ikipita bila kufungwa, hawana kazi. Kisha mkanda unaowaletea chokoleti unaanza kutembea polepole, nao wanaumudu. Waandishi wenye pupa huiruka hatua hii tulivu, kumbe ndiyo inayompa mtazamaji kipimo cha mwendo utakaofuata.

Mkanda unapokaza mwendo, wanazichopoa chokoleti zinazowapita na kuzila. Wakisikia msimamizi anakuja, wanazisokomeza mdomoni, kofiani na kifuani. Anaukuta mkanda mtupu, anawapongeza, halafu anaagiza mwendo uongezwe! Hapo ndipo waandishi Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr. walipoonyesha umahiri: hila iliyowaokoa ndiyo inayowaponza. Hakuna mzaha uliookotwa pembeni. Kila kicheko kinazaliwa na sheria ileile.

Kamera nayo, kwa sehemu kubwa, imetulia mbele yao, ikishika nyuso, mikono na mkanda kwa pamoja. Tunaiona chokoleti inakuja kabla Lucy hajaifikia, kwa hiyo tunahangaika naye. Lau mkanda ungeonyeshwa peke yake na uso peke yake, mbio hizo zingepoa.

Utulivu huo ulitokana na uamuzi mkubwa wa kiufundi. Enzi hizo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ikapata nakala hafifu zilizopigwa kutoka kwenye skrini. Ball na mumewe, Desi Arnaz, walitaka kubaki Hollywood. Wakarekodi kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu zikifanya kazi kwa wakati mmoja mbele ya watazamaji walioketi ukumbini.

Kikwazo kilikuwa taa, kwa kuwa mwanga unaofaa picha ya karibu unaweza kuharibu ya mbali. Karl Freund, mmoja wa wapiga picha wa filamu ya Metropolis ya mwaka 1927, alitundika taa juu na kuusambaza mwanga sawasawa, ili kamera zote zipige bila kusimama kupanga taa upya. Waigizaji wakaweza kucheza onyesho kwa mtiririko kama jukwaani. Ball aliwasikia watazamaji wakicheka, akajua lini asubiri na lini aendelee. Mapigo hayo yalinaswa yakiwa hai.

Tunaovipenda vichekesho vya zamani tusiishie kusema vilikuwa vitamu. Tuseme na sababu: sheria iliwekwa wazi, mwendo ukapandishwa hatua kwa hatua, na mwigizaji akaachwa acheze mbele ya watu. Filamu ilihifadhi yote hayo. Anayeandika vichekesho leo aitazame tena sehemu hiyo, safari hii akiufuatilia mkanda.