Kingamwili isiyokinga mwili

Neno 'kingamwili' linatuchanganya. Wapo wanaolitumia kumaanisha uwezo wa mwili kupambana na maradhi, na wapo wanaolitumia kwa protini inayotambua na kunasa kitu mahususi. Katika habari za chanjo, mkanganyiko huu huvumilika. Katika maabara, hauvumiliki hata kidogo.

Tutazame mfano. Seli huondoa protini nyingi zisizohitajika kwa kuzibandika alama iitwayo ubikwitini, yenye asidi amino 76. Vimeng'enya vya kundi la E3, yaani ligesi, ndivyo huteua protini ya kubandikwa. Kisha proteasomu huikatakata. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa ugunduzi huu. Watafiti hutumia kingamwili kubaini protini ipi imebandikwa alama, na ipi imepungua.

Sasa hebu mwambie mwanafunzi kwamba mtafiti 'alitia kingamwili kwenye sampuli ya seli'. Si atadhani seli zimechanjwa! Kumbe hapo kingamwili haikingi chochote; inatambua tu, mithili ya mbwa wa polisi anayenusa.

Sipendekezi neno jipya. Mangapi yamezaliwa yakafia kamusini? Ninachodai ni nidhamu. 'Kingamwili' libaki jina la protini hiyo, nao uwezo wa mwili uitwe 'kinga', basi. Istilahi moja ikibebeshwa dhana mbili, anayeanguka mtihani ni mwanafunzi, si sisi tulioibebesha.