Kuufumua Wimbo na Kuushona Upya

Kuimba upya wimbo wa mwenzako ni kazi ya fundi cherehani aliyeletewa vazi la mtu mwingine: asipofumua mshono hata mmoja, vazi litampwaya mvaaji mpya, akikata ovyo, amelipoteza. Katika hevi metali, muziki wa magitaa yanayonguruma, ufundi huu uliwahi kufika mbali, na ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wimbo “Changes”. Black Sabbath, vijana wanne wa Birmingham, Uingereza, waliutoa mwaka 1972 katika albamu yao ya nne. Hata kwao ulikuwa kama mgeni nyumbani, kwani hauna gitaa wala ngoma. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikaa kwenye piano, na Ozzy Osbourne akaimba habari za penzi lililovunjika. Miongo minne baadaye ukamfikia Charles Bradley, mwimbaji wa souli wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1948, aliyejipatia riziki kwa upishi na kwa kumwiga gwiji wa souli James Brown jukwaani, na ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 62. Maneno aliyaacha karibu yote mahali pake. Alichotia ni ngoma ya taratibu, tarumbeta, na sauti iliyokwaruzwa na maisha. Kisha mwaka 2014 mama yake akafariki, mama aliyemwacha akiwa mchanga na ambaye yeye ndiye aliyemtunza uzeeni. Tangu hapo, wimbo wa mke aliyeondoka ukawa wimbo wa kumlilia mama. Wimbo umebadilika maana, ilhali mashairi ni karibu yaleyale.

Wapo watakaosema kwamba heshima ya kweli ni kuupiga wimbo ulivyo, noti kwa noti. Hoja hiyo ina uzito, maana kuna wanaobadilisha kwa sababu tu wameshindwa kuupiga. Lakini historia ya muziki wenyewe inaikataa. Singo ya kwanza ya Black Sabbath, “Evil Woman” ya mwaka 1970, ilikuwa mali ya bendi ya Marekani iitwayo Crow. Judas Priest, bendi nyingine ya hevi metali, nao mwaka 1977 waliuchukua “Diamonds & Rust” wa Joan Baez, wimbo wa mwanamke na gitaa lake tulivu, wakaupa mwendo wa radi. Na Apocalyptica wa Finland walipozipiga nyimbo za Metallica, bendi ya hevi metali, kwa selo nne mwaka 1996, bila mwimbaji, walithibitisha kwamba chini ya kelele kulikuwa na utunzi ulioweza kusimama wenyewe.

Zaidi ya hayo, kinachoigwa mara nyingi si kiini. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani akiwa kijana. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Mlio ule mzito ulizaliwa na jeraha na ukaidi. Leo mlio huo hupatikana kwa kubonyeza kitufe, na ndiyo maana tunamwagiwa nyimbo zilizorudiwa harakaharaka: huchukuliwa wimbo wowote unaovuma, hutiwa gitaa la mkwaruzo na ukelele mmoja katikati, nao huitwa mpya. Hakuna aliyejiuliza wimbo unasema nini, wala kwa nini yeye, na si mwingine, auimbe. Teknolojia haina kosa hapa. Kosa ni uvivu wa kutosikiliza, na unaua ufundi uliochukua miaka kukomaa. Bradley alifariki mwaka 2017, na wanaofanya kazi kwa subira yake ni wachache mno. Msomaji, kabla hujausifu wimbo wowote uliorudiwa, sikiliza “Changes” ya mwaka 1972 hadi mwisho, halafu ya Bradley, kisha udai kiwango hicho.